Jarida la pauni 4 na kodi ya London

Watu wakianza kuongelea biashara za kijamii (zile zinazofanywa ili kutatua shida ya jamii, sio kumtajirisha mwenyewe) kama dawa ya watu kulala nje London lazima waitaje Big Issue, jarida linalouzwa mtaani na watu wasio na makazi au wenye shida, na kusema kweli wana haki. John Bird, ambae mwenyewe ashawahi kulala nje, aliianzisha na Gordon Roddick mwaka 1991 na mfumo wake ni uleule wa mmachinga, muuzaji ananunua jarida kwa pauni 2 anaenda kuliuza 4, faida yake, na nakala zikimdodea hazirudishwi, hasara yake.

Wanaoisifia nawaelewa. Ukimkuta yule mtu na kizibao chake chekundu nje ya stesheni haombi, anauza, ana wateja wanaomsalimia kwa jina na siku asipoonekana kuna atakaeuliza. Kwa mtu aliezoea kupitwa kama nguzo ya umeme hicho sio kitu kidogo, sahani ya supu ya bure haimpi hiyo.

Ila sasa piga hesabu. Tuseme kapata chumba cha pauni 800 kwa mwezi (kwa London hapo ushukuru Mungu), anatakiwa auze nakala 400 na bado hajala, hajapanda basi, na mvua haijanyesha. Machi 2020 korona ilipofunga mji mauzo ya mtaani yakakata kabisa, ikabidi jarida likimbilie supamaketi. Afu mwaka 2023/24 walioonekana wakilala nje London walikaribia 12,000, zaidi ya miaka 30 tangu jarida lianze. Sio kosa lake hilo, kodi ndo imepaa, lakini jarida halijengi nyumba.

Finland walienda kinyume. Taasisi yao ya Y-Säätiö ipo tangu 1985, inanunua nyumba inawapangisha hao hao wasio na pa kulala, mtu anapewa mkataba wa pango kwanza mambo ya pombe na kazi baadae, leo ina nyumba zaidi ya 17,000. Nayo ni biashara ya kijamii, ila bidhaa yake ni funguo. Wanaobisha watasema pale serikali imemwaga hela na mpangaji analipiwa sehemu ya kodi, na kweli, bila hiyo mfumo unakufa, tena kwa bei za nyumba za London utanunua vyumba vingapi?

Vichache, najua. Bado mi ningenunua hivyo vichache, na majarida yaendelee kuuzwa na watu wenye funguo mfukoni.