Vitimbi na Vioja Vinastahili Ukumbi Kisumu

Nimekuwa nikimwambia yeyote anayenisikiliza hapa Kisumu: tutenge jioni moja, tukodi ukumbi, tutazame pamoja michezo ya kuigiza ya zamani ya runinga yetu. Si kwenye simu. Ukutani, kwa projekta, watu wakiwa wamejaa.

Watu hunijibu kwamba vipande viko mtandaoni, kila mtu ajitazamie. Sikubali. Michezo ile haikuwa ya kutazamwa na mtu mmoja. Runinga ilianza Kenya 1962, na kwa miaka mingi kituo kilikuwa kimoja tu, Sauti ya Kenya, kilichorudia jina la KBC 1989. Huku kwetu mtaa mzima ungekuta nyumba moja au mbili zenye seti. Great Wall isiyo na rangi, betri ya gari iliyotoka kuchajiwa sokoni, kijana nje ameshika mlingoti wa antena, na ndani wanapaza sauti, "Hapo! Hapo! Umepitisha, rudisha kidogo!" Picha ikitulia, Vioja Mahakamani, mchezo wa kesi za kuchekesha, vinaanza, na kila aliye sebuleni ni hakimu. Kesi iliendelea njiani watu wakirudi kwao, wengine wakibishana hadi mlangoni. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya mchezo.

Halafu kuna Mzee Ojwang wa Vitimbi. Benson Wanjau, aliyemwigiza na aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini Kiswahili cha Ojwang kilikuwa cha mzee Mjaluo wa ziwani kabisa, hata wengi huku waliapa ni mtu wao. Kuiga lafudhi si kazi. Wachekeshaji wa siku hizi wanaiga kutwa. Wanjau alicheza mtu: mzee mwenye kiburi, mwepesi wa hasira, na bado unaona anavyompenda Mama Kayai, mkewe mchezoni, hata anapozidiwa maneno. Kwangu hiyo ni sanaa ya daraja la juu, na inaniuma ikitajwa kama kichekesho cha kupitisha wakati.

Wenzetu walipoteza mengi. BBC ilianza matangazo ya kawaida ya runinga Novemba 1936 kutoka Alexandra Palace, London, na tamthilia zilichezwa moja kwa moja studioni, zikiisha, zimekwisha. Hata The Quatermass Experiment ya 1953, iliyokuwa na sehemu 6, imebaki na 2 za kwanza tu. Na hao ni Uingereza! Sisi kilichosalia kwenye kanda kitolewe kabatini, kionekane.

Nakuru wana Nakuru Players Theatre, wakitaka wanaweza hata kututangulia. Mimi ningefungua na kesi moja ya Vioja, nifuatishe Vitimbi, nimalizie na tamthilia ya Tausi kwa ajili ya wale walioifuatilia kila wiki bila kukosa. Katikati waigizaji wa enzi hizo walio hai waitwe jukwaani waeleze walivyofanya kazi, na walipwe pesa, si soda na makofi. Kiingilio kiwe cha chini. Wanafunzi wa vikundi vya drama waingie bure, wakae viti vya mbele.