Gundi ya bakteria katika chakula: tuipime kwa kipimo gani?

Chukua chupa ya sosi ya saladi iliyokaa kabatini wiki kadhaa. Mafuta hayajapanda juu, viungo vimening'inia katikati wala havizami. Itikise na uimimine: inateleza kirahisi, lakini ikishatua kwenye jani inatulia palepale, nzito kama awali. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa na gundi ya zanthani, inayoandikwa pia E415 kwenye lebo, na kwa kawaida haifiki hata gramu moja katika kila gramu 100 za sosi.

Zanthani ni polisakaridi, yaani mnyororo mrefu wa sukari zilizoungana. Shina lake ni kama la selulosi ya mimea, ila pembeni limechipua matawi mafupi, kila tawi sukari tatu. Minyororo hiyo hushikana kidogo. Ukiikoroga inaachiana, ukitulia inashikana tena. Huitengeneza bakteria *Xanthomonas campestris*, yuleyule anayeozesha kabichi shambani. Utafiti uliotufikisha hapa ulifanywa na mkemia Allene Jeanes na wenzake katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Peoria, Illinois. Mwaka 1969 nchi hiyo iliiruhusu itumike katika chakula.

Kabla ya hapo, kampuni moja ya vinywaji iliwahi kupeleka kwenye maabara hiyo soda iliyoharibika ikawa na ute. Katika ute ule Jeanes alimpata bakteria anayetengeneza dekstrani, polisakaridi iliyokuja kuokoa askari waliopoteza damu katika Vita vya Korea. Nalikumbusha hili kwa sababu wapinzani wa zanthani huanzia kwenye asili yake: ute wa bakteria, wanasema, si chakula. Hoja hiyo naiona dhaifu. Siki na mtindi navyo ni kazi ya bakteria.

Faida zake ni za kweli, na kubwa kuliko sosi. Mtu aliyepatwa na kiharusi anaweza kushindwa kumeza maji ya kawaida, kwa kuwa yanakimbia kabla njia ya hewa haijajifunga, yakaingia humo. Maji yaleyale yakiongezwa uzito kidogo yanashuka taratibu, naye anapata muda wa kumeza. Kwa asiyeweza kula ngano, gundi hii huusaidia unga wa nafaka nyingine kushika hewa hadi mkate uumuke. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliichunguza upya mwaka 2017 na haikuona haja ya kuiwekea kikomo cha kiasi cha kuliwa kwa siku.

Lakini "salama" ni neno linalohitaji kuulizwa: salama kwa nani? Mwaka 2011 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilionya kwamba watoto njiti wasipewe bidhaa moja yenye zanthani ya kufanya vinywaji viwe vizito, baada ya baadhi yao kupata ugonjwa hatari wa utumbo. Haikuthibitishwa kwamba gundi ndiyo iliyosababisha, lakini kwa utumbo ambao haujakomaa naona onyo lile lilikuwa la haki. Halafu mwaka 2022 watafiti walieleza bakteria wa utumboni wanaoweza kuivunja zanthani, nao wameenea kwa watu wa nchi za viwanda. Tuliambiwa inapita tu mwilini. Kumbe ni chakula cha wakazi wetu wa ndani. Hilo si ushahidi wa madhara, ila linaondoa dhana kwamba haigusi chochote.

Kinachonisumbua zaidi ni matumizi yenyewe. Gundi inayomsaidia mgonjwa kumeza ndiyo hiyo inayofanya maji yenye nyanya kidogo yaonekane rojo la nyanya nyingi. Ulimi hupima uzito wa chakula na kudhani ni utajiri wake. Hapo zanthani haijamdhuru mlaji, lakini imemnyima alichodhani amenunua.

Kwa hiyo sitajiunga na wanaotaka E415 ifutwe. Wagonjwa wa kumeza wangekuwa wa kwanza kuumia. Ningetaka lebo ya kila sosi iseme kwa asilimia nyanya ni kiasi gani na maji ni kiasi gani, kwa maandishi makubwa kama jina la sosi yenyewe.