Alibeba Mizigo "Tu"

Juzi mpwa wangu wa Gredi ya 8 alirudi nyumbani na insha iliyojaa wino mwekundu. Alikuwa ameandika kuhusu mtu wa ukoo wetu aliyechukuliwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Pembeni mwalimu ameandika: "Huyu alibeba mizigo tu. Andika kuhusu askari." Hiyo "tu" imeninyima usingizi.

Guka, yaani babu yangu, alikuwa mtoto wa tatu wa kiume, kwa hiyo kwa desturi yetu alipewa jina la kaka mkubwa wa baba yake. Mwenye jina alikamatwa mwaka 1917, serikali ya Waingereza ilipokuwa ikizoa vijana kijiji kwa kijiji, akapelekwa Kariakoo, yaani Carrier Corps, jeshi la wapagazi waliobeba mizigo ya vita. Alikuwa hajaoa. Hakurudi. Aliyerudi ni rafiki yake, akasema alimwacha njiani kule kwa Wajerumani, Tanzania Bara ya leo, anahara damu, hawezi tena kusimama. Baba yangu ni kifungua mimba wa guka, nami ni kifungua mimba wake, basi jina likanifikia. Nikiitwa, anaitwa yule kijana.

Sasa niambiwe alikuwa nje ya vita? Kule mbung'o walimaliza ng'ombe, farasi na nyumbu. Magari yalizama kwenye matope. Kila risasi, kila gunia la unga, kila machela yenye mzungu aliyejeruhiwa ilipanda juu ya kichwa au bega la mtu kama yeye. Ondoa wapagazi, jeshi la Uingereza halitoki Voi kumfuata von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hata wiki moja. Waingereza walitumia wapagazi karibu milioni moja Afrika Mashariki, na kwa hesabu yao wenyewe waliokufa walizidi 90,000. Wa kutoka Kenya pekee walizidi 40,000. Wengi hawakuguswa na risasi. Waliuawa na malaria, kuhara na njaa. Shosho, bibi yangu, alikuwa akisimulia kuhusu ule unga wa mahindi: watu waliokulia githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, wanapewa unga jioni, wamechoka, kuni zimelowa, wanaumeza nusu mbichi, na asubuhi tumbo limeshika. Alikuwa akifika hapo ananyamaza, anaendelea kuchambua maharagwe.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna ile sanamu ya Kenyatta Avenue, Nairobi, na kati ya wale wanaume watatu mmoja ni mpagazi. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanaahidi kwamba hata ukifa, wana wako watalikumbuka jina lako. Wana gani? Kijana wetu alichukuliwa kabla hajapata mwana. Na majina yako wapi? Nimeizunguka nguzo hiyo mara nyingi, tangu nikiwa mwanafunzi nikingojea matatu. Halipo hata moja. Nenda makaburi ya vita ya Taveta uone mawe ya wazungu yenye majina yao. Wapagazi waliachwa porini, na wakubwa wa wakati huo wakasema Mwafrika haelewi maana ya jiwe la kaburi. Sisi, ambao mtoto hazaliwi bila kubeba jina la mtu!

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi. Sawa. Miaka mia imepita.

Siingii leo kwenye ardhi waliyogawiwa wanajeshi wazungu mwaka 1919, wala kipande, kile kitambulisho cha mkoloni walichovishwa shingoni waliorudi.

Ninachotaka ni majina. Tunanunua viatu na vikapu katika soko la Kariokor, Nairobi, tunakula nyama pale kila Jumapili, na jina la mahali penyewe linatokana na lile jeshi la wapagazi, Carrier Corps. Ikiwa kwenu kuna mzee anayekumbuka nani alichukuliwa, kaa naye wiki hii na daftari. Uliza jina lake, la baba yake, la kijiji chake. Shosho wetu tulichelewa kumwuliza mengi.

Mpwa wangu ameiandika insha upya. Mtu anayemwandika hakumbadilisha. Ameweka jina la kijana na la baba yake kwenye mstari wa kwanza, na Jumatatu nitaandamana naye hadi kwa mwalimu.