Jinzi nayo ina umri?

Jumamosi nilikuwa soko la Memorial hapa Moshi, nimeinamia rundo la mitumba, nikaibuka na jinzi nyekundu, safi kabisa, zipu nzima. Kijana anayeuza akanitazama juu hadi chini: "Mama, hiyo ya mabinti. Nikutolee dera?"

Nina miaka 51, mwanangu, siyo 151! Dera ninalo, la kupikia.

Mama mmoja pembeni naye akadakia eti mtu mzima ni kitenge na kilemba. Sawa, na baba watoto wake anayeshinda kijiweni na kaptula na jezi ya Arsenal? (Kitambi nje, tena.) Huyo hapangiwi na mtu.

Jinzi nimechukua, shilingi 8,000. Kesho naenda nayo kikoba.