Mwalimu Asiyejua Kama Nipo

Jamani, nisikilizeni kabla sijapasuka. Najifunza gitaa. Ada silipi, sare sina, mwalimu wangu yumo kwenye simu. Na ubaya wa mwalimu wa kwenye simu ni kwamba hajui hata kama nipo.

Somo linaitwa "Ujue Wimbo Huu kwa Dakika 5". Dakika ya kwanza anasalimia. Ya pili ananishukuru kwa kumfuata, na wala simfuati. Ya tatu anabembeleza nibonyeze kengele. Ya nne anasimulia alivyohangaika kupata kamera. Ya tano ndiyo analikamata gitaa, anapiga mbio kama anayefukuzwa na nyuki, halafu anacheka: "Umeona? Rahisi tu." Nimeona nini, mzee?

Basi nikapunguza kasi. YouTube inakubali kushuka mpaka 0.25, yaani robo ya mwendo. Vidole sasa naviona, lakini "karibuni sana" yake moja inachukua muda wa hotuba ya mgeni rasmi. Nikamwiga kidole kwa kidole, uzi kwa uzi. Yeye akipiga unatoka muziki. Mimi nikipiga inatoka kesi. Nimekaza nyuzi, nimelegeza, nimelilaumu gitaa, nimeulaumu ukoo wetu kwa kutozaa msanii hata mmoja. Kumbe bwana mkubwa ana kibanio! Kimetulia pale shingoni mwa gitaa, kwenye chuma cha tatu, kimejificha nyuma ya mkono wake, na kinampandishia sauti ya kila uzi hatua tatu za nusu toni. Kengele kaitaja mara chungu nzima. Kibanio, wapi!

Zamani angalau ulikuwa na pa kuchungulia. Unatazama lile dole gumba linaloelekea chini. Ukikuta watu wamejazana hapo, unajua mwalimu huyu ana walakini. Novemba 2021 ile hesabu ikafichwa, wenyewe wakaeleza kwamba ni kuwakinga watengeneza video wasivamiwe na makundi. Sawa, wakingwe, nao ni binadamu. Mimi mwanafunzi sasa nimuulize nani?

Nikamuuliza mjomba. Hapo ndipo nilipojitafutia.

Mjomba hajawahi kushika gitaa, ila kwenye kundi la ukoo ndiye profesa. Akanitumia ujumbe wenye ile alama ya kusambazwa mara nyingi: eti muziki wa dunia nzima umetegwa kwenye 440, unatuchanganya akili, na dawa ni kushusha hadi 432, hapo hata mifupa inajiunga. Nikamjibu kwa adabu: shikamoo mjomba, hiyo 440 ni mitetemo kwa sekunde ya sauti ya La, ile ya do-re-mi, imo kwenye kiwango cha kimataifa, ISO 16 cha mwaka 1975, ili wapigaji wanaotoka huku na huku wakikutana wasigombane. Hakuna aliyetegwa. Akanirudishia ujumbe wa sauti, mrefu huo! Nimeusikiliza kwa kasi mara mbili na bado chai ikapoa. Jambo moja tu ndilo nililolishika: "Mpwa wangu, wewe soma, ila usisome sana."

Na msidhani atachoka. Tangu Aprili 2020 WhatsApp imeweka kwamba ujumbe uliokwisha kuzunguka sana unaupeleka gumzo moja moja, siyo kuumwaga kwa mkupuo. Watu wenye haraka zao wanakata tamaa. Mjomba amestaafu. Anapeleka mmoja, anavua miwani, anaifuta, anapeleka mwingine.

Juzi akaja kunitembelea. Gitaa nilikuwa nimelivisha nyuzi mpya, na nyuzi mpya zina tabia ya kulegea, kwa hiyo sauti ilikuwa imeshuka kidogo. Nikapiga ile kodi moja ninayoiweza, siyo ya serikali, ni ile ya sauti kadhaa kulia pamoja. Mjomba akafumba macho, akanyoosha mguu, akaukunja, akaunyoosha tena.

"Hiyo ndiyo 432 sasa! Goti limeachia!"

"Mjomba, ni nyuzi tu zimelegea..."

Wapi! Kashatoa simu. Kapiga picha ya gitaa, kapiga picha ya goti, kaziweka kwenye kundi na jina langu chini. Mwalimu wangu wa kibanio hajui kama nipo, lakini ukoo mzima sasa unajua, na kila mwenye goti bovu ananiuliza kama natibu na Jumapili.