Bwana wa Mafua

Kinanda changu cha santuri nilikinunua Mombasa kwa mtu aliyekuwa akihama nyumba, nikavuka nacho kutoka Mokowe nimekipakata kama mtoto mchanga. Gatini nikampakiza punda spika na amplifaya, lakini kinanda chenyewe sikutaka kiguswe na mtu. Amplifaya ikafika nyumbani kabla yangu. Punda wa Lamu akishaijua njia hamngoji mwenye mzigo.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa mtu wa kukimbiwa. Wakizungumza bei ya kamba, mimi naingiza santuri: sauti ya kwenye simu imebanwa, jamani, imekamuliwa kama nazi ya tui la tatu! Mpaka ami yangu, nahodha mstaafu, akaweka kikombe chini.

"Kiyana, maneno basi. Tuwekee tusikie."

Nikataka kuwafunga midomo na kitu cha kale. Bibi yangu anayo santuri moja ya taarabu aliyotunzwa alipokuwa biharusi, ameifunga kanga ndani ya sanduku. Ni ya shelaki, ule utomvu wa wadudu: nzito, ngumu, ikianguka ni vigae. Akanipa kwa mikono miwili.

"Ukiivunda, hama."

Alhamisi baada ya Isha daka likajaa. Wanawake ndani, wazee nje na kahawa yao. Sindano ikawa inarukaruka. Nikaiongezea uzito kwa shilingi 20, ile yenye ndovu. Ikatulia.

Ikatoka sauti ya mwanamume mzito, mgonjwa, kama anaimba huku anapanda ngazi na gunia la mchele. Fidla nyuma yake zililia kama mlango wa msaji usiotiwa mafuta. Mimi nikatikisa kichwa kama mjuzi.

"Mwasikia kina hicho? Simu haitoi hiyo."

"Huyu ni wa Mombasa," akasema ami.

"Wapi! Wa Unguja huyu," akajibu fundi wa milango. "Sikiza anavyovuta maneno."

Wakashikana hapo. Mmoja akaapa alimwona kwa macho yake akiimba harusini, tena alikuwa na masharubu. Mzee wa pembeni alikuwa analia kimyakimya, nami nikahesabu huo ni ushindi wangu.

Ndipo sauti ya bibi ikatoka nyuma ya mlango.

"Ni nani huyo mliyemtia ndani ya santuri yangu? Mwimbaji wangu ni mwanamke!"

Kimya. Fundi akakohoa. "Basi, bibi, ana mafua."

Nikainama na tochi ya simu. Santuri hiyo ni ya mizunguko 78 kwa dakika. Kinanda changu kinajua 33 na 45 tu, zile za vinili, santuri za plastiki za baadaye, nami nilikuwa nimekiweka 45. Wimbo wa dakika tatu nilikuwa nauburura kwa dakika tano na ushei. Hata sindano haikuwa yake: mifereji ya hizi za kale ni mipana, kwa hiyo yangu nyembamba ilikuwa imezama chini kabisa, inazoa vumbi tangu enzi ya harusi ya bibi.

Bibi hakungoja maelezo. Akatoka na buibui lake, akatia kidole juu ya karatasi ya katikati, akausukuma mzunguko. Mzee akawa kijana, kijana akawa mwanamwali, na kwa mshororo mmoja hivi yule mwanamke akaimba sawasawa. Bibi akafumba macho. Kisha kidole kikapata hamu, mwanamke akawa kifaranga, mkono wa sindano ukaruka, na ndovu akatumbukia ndani ya kahawa ya ami.

Santuri ilisalimika, imerudi kwenye kanga yake. Mimi bado natafuta kinanda chenye 78, na sindano pana, na wazee wameshaambiwa wasubiri. Lakini jana ami amepita, akasimama pale dakani akichungulia ndani.

"Na yeo? Yule bwana wa mafua hatuwekewi?"