Stoma ya muda na ngiri: hofu ipi ipewe nafasi ya mbele?

Mgonjwa wa saratani ya puru akielezwa kwamba atawekewa stoma, yaani kipande cha utumbo kitatokezwa nje kwenye tundu la tumbo kwa muda ili choo kitoke humo, swali la kwanza huwa la mfuko, la pili la ngiri. Hilo la pili lina uzito: tundu hupasuliwa kwenye msuli wa tumbo, na hata likishazibwa, pahala palipotobolewa hapawi imara kama awali.

Upande wa pili kuna mshono wa utumbo, pale ulipounganishwa baada ya saratani kukatwa, chini kabisa karibu na njia ya haja. Stoma hupitisha choo kando ili mshono huo upone. Utafiti wa Uswidi wa 2007, uliohusisha wagonjwa 234, ulikuta mshono ulivuja kwa asilimia 10 ya waliowekewa stoma na 28 ya wasiowekewa. Uvujaji ukianza mgonjwa amesharudi kisiwani Amu (Lamu), asubiri boti hadi Mokowe, kisha barabara ya zaidi ya kilomita 300 mpaka Mombasa. Ngiri huvumilika miezi. Usaha tumboni hauvumiliki usiku mmoja. Kwa mtu wa kisiwani, stoma inashinda.

Ila ngiri si ya kupuuzwa. Jaribio la ROCSS, lililochapishwa 2020, lilihusisha wagonjwa 790 wa Uingereza, Denmark na Uholanzi waliokuwa wakizibwa stoma. Baada ya miaka miwili, 20 katika kila 100 walioshonwa kwa nyuzi tu walikutwa na ngiri. Walioongezewa wavu wa kuimarisha msuli, 12. Maana yake wavu utiwe watu kama 12 au 13 ili mmoja anusurike. Na wavu ule ulitokana na ngozi ya nguruwe, jambo ambalo Mwislamu ana haki ya kuambiwa kabla hajatia sahihi. Wavu wa plastiki upo, nao ni wa bei nafuu, lakini utumbo ukiwa umefunguliwa madaktari wengi huuhofia kwa sababu ya maambukizi. Kwetu, wavu ni wa walio hatarini zaidi: wanene, wavutaji sigara, wenye kikohozi sugu.

Stoma ya utumbo mwembamba huhitaji tundu dogo, takriban vidole viwili, kuliko ya utumbo mpana. Dosari yake ni maji: ikimwaga zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, figo huumia, na joto la kaskazi haliisaidii. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari kwanza.

Kwa kawaida stoma huzibwa baada ya wiki 8 hadi 12, ingawa dawa za saratani huweza kuchelewesha. Baada ya hapo huambiwa usinyanyue mizigo mizito wiki sita hivi. Ushahidi wa marufuku hiyo ni mwembamba, na kwa mchukuzi wa gatini ni njaa ya nyumba nzima. Hata hivyo mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, tusimhimize. Kikohozi nacho husukuma kovu: akikohoa, abane mto tumboni.

Uvimbe wa ngiri unaorudi ndani mgonjwa akilala unaweza kungoja kliniki. Ukiwa mgumu, wenye maumivu, haurudi, naye anatapika au hapitishi hewa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.